Mama wa Kwenye Picha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu nyingi, nikiamini zitakukuta umeketi penye mwanga, miwani ikiwa puani na si juu ya kichwa, maana ukiisahau kichwani utaitafuta nyumba nzima na kumlaumu kila mtu. Magoti yanasemaje? Na presha? Kaka aliniambia siku hizi unatoka mwenyewe hadi kwa jirani na kurudi, fimbo umeiacha nyuma ya mlango. Niliposikia hivyo nilikaa chini kwanza. Huku sisi ni wazima. Mjukuu wako anarefuka tu. Viatu alivyoanzia mwaka, sasa navivaa mimi. Nami sijambo, kama mtu anayesimama kutwa anaweza kusema hajambo.

Barua hii anakuletea wifi. Nimemwomba akupe mkononi, nawe nakuomba usimpe kaka akusomee. Isome mwenyewe, pole pole, kama ulivyokuwa ukisoma insha za wanafunzi wako. Penye kosa weka alama nyekundu, sitalia. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu wewe husamehe kabla hujasikia. Ukisikia tu sauti yangu inatetemeka, unasema yaishe mwanangu, na yanaisha. Safari hii naomba uyasikie kwanza.

Nianze na hili. Najua kaka amewaambia watu wote kwamba nina ofisi ya kutangaza biashara mtandaoni. Sina ofisi, mama. Tangu mwaka jana napiga pasi kwa dobi. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa nane mchana. Chumba kina meza tatu za kupigia pasi na dirisha moja, na mvuke ukikolea hatuonani nyuso, tunajuana kwa kikohozi. Ofisi anayoisema kaka ni simu yangu, na daftari lenye madoa ya maji.

Unajua kwamba nilitoka kwenye kampuni ya usafirishaji, ila namna ilivyokuwa sijakuambia. Miaka kumi na saba nilikaa pale mapokezi nikipokea simu. Siku moja meneja akaniita, akanisifia sauti, akasema wanataka kuirekodi ili wateja wanaopiga wakati laini ina mtu wasikie sauti ya heshima. Nikafungiwa kwenye chumba kidogo, nikapewa karatasi nisome. Kwa mizigo bonyeza moja. Kwa malalamiko bonyeza mbili. Nilisoma vizuri, hata nikaomba kurudia mahali sauti ilipokwaruza. Mwezi uliofuata wakaniaga kwa keki. Kumbe nilikuwa najisomea mwenyewe barua ya kuachishwa kazi. Mpaka leo ukipiga pale, ninayekukaribisha ni mimi.

Huko kwa dobi ndiko nilikokutana na mwalimu. Ni kijana wa mashati meupe, matano kwa wiki, na kila akija kuyachukua huwa ameshachelewa mahali. Sisi wa ndani tulimpa jina la Chapchapu. Siku moja alinisikia nikimtuliza mteja aliyekuja kulalamika koti lake limefifia. Mteja alipoondoka akicheka, Chapchapu akaniuliza nimejifunzia wapi kuongea hivyo. Akaniambia yeye anafundisha watu kuuza mtandaoni, na kwamba kazi ile haitaki ujana kama watu wanavyodhani, inataka mtu anayejua kusikiliza. Tukaelewana: mimi nitamnyooshea mashati, yeye atanifundisha. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilijiambia, na nikapanda ngazi zake.

Darasa liko juu ya duka la vipuri. Kompyuta ni nane, mimi nikaangukia ile isiyo na herufi ya a. Kitufe kiling'oka zamani. Jaribu kuandika lugha yetu bila hiyo herufi, mama. Ukiandika "mama" unapata "mm", kama mtu anayeguna. Nilikuwa nabonyeza ndani ya lile tundu kwa njiti ya kiberiti. Wenzangu wengi walikuwa na umri wa mjukuu wako au juu kidogo. Walinipisha kiti kwa adabu, wakaniita mama, kisha hawakunisemesha tena.

Nilidhani nitafundishwa mitambo. Tulianza na maswali. Chapchapu aliniuliza kama nataka kutangaza dobi, nitazungumza na nani. Nikajibu, na kila mtu mwenye nguo. Akatikisa kichwa, akaniambia anayezungumza na kila mtu anazungumza na ukuta. Akataka nimtaje mtu mmoja: ana umri gani, anavaa nini kazini, asubuhi anachelewa kwa sababu gani. Kisha akanipa kazi ya nyumbani, kichwa cha tangazo la pasi, na si kimoja bali ishirini. Nilimpelekea ishirini. Alivisoma vyote, akaniambia kwa upole kwamba kila kimoja kinaanza kama ninayepokea simu. Ni kweli. "Karibu, tukusaidie nini?" Ishirini nzima.

Nilijifunza, mama, hilo sikufichi. Nilijifunza kupiga picha karibu na dirisha asubuhi, bila makorokoro nyuma. Nilijifunza kutunga ukurasa wa biashara, kupanga wiki nzima tutaweka nini na lini, kumjibu mtu haraka kabla hajaenda kwa mwingine. Nilijifunza kusoma takwimu kama wewe ulivyosoma daftari la mahudhurio: wangapi wameona tangazo, wangapi wamesimama, wangapi wamepita kama hawajaona. Na nilikosea sana. Kwenye tangazo langu la kwanza la dobi nilichagua mji usio wetu, likaenda kuonekana safari ya siku mbili kutoka hapa. Tajiri wangu, mwenye dobi, akapigiwa simu na watu wasiojua hata mtaa wetu uko wapi, mmoja akidai tumtumie gari la kuchukua mapazia. Hakunisemesha siku tatu.

La pili lilikwenda. Nilichukua shati, nikapiga pasi upande mmoja nikauacha wa pili ulivyotoka kwenye kamba, nikalipiga picha likiwa limetundikwa. Chini nikaandika, "Usaili ni saa tatu. Utaingia na upande upi?" Watu walileta nguo mpaka tukakosa vibanio. Tajiri akaniongezea stuli ya kukalia wakati wa chai. Ndiyo stuli hiyo ninayokalia sasa nikikuandikia.

Ila nilichoka. Sijui nikuelezeeje uchovu huo. Kutwa nimesimama, jioni nimeinamia kile kioo, nikirudi nyumbani mguu hauingii kwenye kandambili. Mara moja nilisinzia darasani, kichwa kikaangukia vitufe, nikaamka nimeandika ukurasa mzima wa herufi k. Vijana walicheka, na mimi nikacheka nao. Kisha nikaenda msalani nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi. Umri wa miaka arobaini na mitatu si wa kuanza upya, mama, ni wa kupunguza kasi. Lakini nani atanipunguzia?

Baada ya lile shati, Chapchapu akasema nitafute mteja wangu mwenyewe, wa kweli. Nikampata Mzee wa Mafuta. Huyu ni baba mmoja mpole anayechemsha mafuta ya kuchua nyumbani kwake na kuyauza kwenye vichupa pembeni ya soko. Hana simu ya maana, kwa hiyo tukakubaliana ukurasa niushike mimi, watu waandike kwangu, na vichupa wavifuate pale kwa dobi. Kwa wiki mbili nilitangaza kwa kila nilichofundishwa, na hakuna aliyenunua. Chapchapu alitazama kazi yangu akasema ni safi ila haina mtu ndani. Watu humwamini mtu, alisema, hawaamini chupa. Nitafute aliyetumia, aseme kwa mdomo wake. Nilimfuata Mzee wa Mafuta, tukawauliza wateja wake wa siku zote. Mmoja akasema yanasaidia kidogo wakati wa baridi. Mwingine akasema yananukia vizuri. Yananukia vizuri, mama! Ningeuza nini kwa hilo?

Kesho yake, nikiwa kwenye pasi, simu ikalia. Kaka alikuwa ametuma picha yako kwenye kikundi cha familia. Umesimama mlangoni na gauni lako la bluu, mkono mmoja umeshika mhimili, mwingine umeunyanyua kama unayemfukuza mpiga picha, na unacheka. Unasimama, mama. Baada ya miaka miwili ya kiti. Nililia mpaka nikaacha alama ya pasi kwenye suruali ya mtu.

Jioni, darasani, nikaichukua picha hiyo nikaiweka kwenye tangazo. Nikaandika sentensi tatu. "Mama huyu alikaa kitini miaka miwili. Kisha akaanza kuchua magoti kila asubuhi kwa mafuta haya. Leo anatembea." Ya kwanza ni kweli, na ya tatu ni kweli. Ya kati nimeitunga mimi, na hiyo ndiyo iliyouza.

Mjukuu wako ndiye wa kwanza kuliona. Akaniuliza, bibi anajua? Nikamwambia anajua.

Lilipokelewa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Watu walituma kwa shangazi zao, shangazi wakatuma kwa majirani. Chapchapu alilirusha ukutani kwa ile mashine yake ya mwanga, picha yako ikawa kubwa kuliko mlango, akawaambia vijana hivi ndivyo tangazo linavyojengwa. Wakanipigia makofi. Walewale ambao walikuwa hawanisemeshi, mmoja akaniletea maji. Nakuambia ukweli wote leo, kwa hiyo na hili nitakuambia: nilifurahi. Tangu nitoke mapokezi hakuna aliyekuwa ameniambia nimefanya kitu vizuri. Nilitembea hadi nyumbani siku hiyo bila kuhisi miguu.

Mzee wa Mafuta akaniuliza ulinunua kwake lini, mbona hakukumbuki. Nikamwambia ulituma mtu. Uso wake uliangaza, mama. Kumbe mwenyewe hakuwa akiamini sana mafuta yake. Kuanzia hapo naye akawa anawaambia watu sokoni kwamba kuna mama mmoja alikuwa hatembei. Nikamsikia kwa masikio yangu, nikapita kama sikusikia.

Watu wakaanza kuandika. Mama huyo anaishi wapi, alitumia vichupa vingapi, alikuwa na umri gani. Nilikuwa nawajibu mkono mmoja kwenye simu, mwingine kwenye pasi. Miongoni mwao alikuwepo mshonaji mmoja, mwanamke wa miaka kama thelathini na minane, anayeshona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga. Alianguka kwenye ngazi, goti likavimba, hospitali wakamtibu, kisha wakampangia mazoezi ya kulikunja na kulinyoosha mara tatu kwa wiki. Mguu wake ndio riziki yake. Aliandika zaidi ya wengine wote. Aliandika kila siku.

Wiki tano zilizopita, asubuhi saa nne, alikuja mwenyewe pale kwa dobi. Alishikiliwa na binti wa jirani yake, mguu mmoja umenyooka kama mpini, haukunji. Alikaa kwenye benchi la wateja, akasema hakuja kuchukua kichupa, amekuja apelekwe kwa mama. Nikamwambia mama anaishi mbali. Akasema hata kwa simu. Nikamwambia mama anapumzika. Akasema, "Nitasubiri aamke, dada. Mimi sina haraka, sina kazi tena." Akamruhusu yule binti aende zake.

Akasubiri. Nilipiga pasi shati moja mara tatu. Kila nikiinua macho kwenye mvuke namwona ameuweka ule mguu mbele yake kama mzigo wa mtu mwingine. Ilipofika saa sita nilizima pasi. Nikaenda nikakaa kwenye benchi kando yake, nikamwambia mama wa kwenye picha ni mama yangu mzazi, lakini mafuta yale hajawahi hata kuyaona.

Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Aliniuliza, "Sasa aliyekuwa ananijibu ni nani?"

Hapa ndipo, mama, nimezunguka kurasa zote hizi kufika. Picha yako niliiba siku moja. Lakini nafsi yako niliiba mwezi mzima.

Mwanzoni nilikuwa nawajibu watu kama muuzaji. Huyu mshonaji hakuridhika, alitaka kuongea na mama mwenyewe. Siku moja, ili anyamaze nimalize kazi, nikaandika, "Ni mimi, mwanangu. Ni mimi mama wa kwenye picha. Uliza tu." Nilidhani ni mara moja. Kesho yake akaandika tena, na akaniita mama. Nikamjibu kama unavyojibu wewe. Najua unavyoongea, nimekusikia maisha yangu yote. "Haya, mama'angu mdogo, tulia kwanza." "Mungu hana saa mkononi." "Umekula lakini?" Nilimwandikia hayo yote. Akaniambia mama yake alifariki akiwa mdogo. Akaniambia mume ameanza kununa kwa sababu hawezi kushona. Akaniambia anavyoogopa asubuhi, kabla hajajaribu kukanyaga chini. Mambo hayo alikuwa anakuambia wewe, mama, na wewe huyajui.

Na siku moja akauliza kuhusu mazoezi ya hospitali. Alisema yanamuuma mpaka anaona giza, na yule mtaalamu hana huruma. Akauliza, je, mama, nawe ulifanya mazoezi, au nikiacha nikatumia mafuta peke yake si itatosha? Nilikuwa nimetoka kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, mia na kitu, mgongo unawaka. Sikufikiri. Nikaandika, "Pumzisha mguu, mwanangu. Umeteseka vya kutosha. Pumzika."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliandika hivyo. Sikuwa nikitaka auziwe kichupa kingine, naapa. Nadhani nilimwambia kile nilichotamani mtu aniambie mimi.

Naye akapumzika. Akaacha kwenda hospitali, kwa sababu mama amesema. Baada ya wiki tatu goti likakakamaa. Nafasi yake kwenye foleni ya mazoezi akapewa mwingine. Zile sare za shule zikachukuliwa zikapelekwa kwa fundi mwingine.

Nilimwambia hayo yote kwenye lile benchi, nikamwonyesha simu, nikamwonyesha kwamba ile namba aliyoihifadhi kwa jina la Mama ni yangu. Tajiri wangu alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Mshonaji akaitazama simu kwa muda. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Akasema, "Basi mama yako alitembeaje?"

Nikamweleza. Nikamweleza daktari alivyokutoa maji magotini. Miezi minane ya mazoezi, mfuko wa mchanga umefungwa kwenye kifundo cha mguu, kaka akikubeba mgongoni mpaka kwenye gari kila Jumatatu na Alhamisi. Siku uliyomtupia mtaalamu kiatu. Siku uliyokataa kabisa kutoka chumbani, kaka akakaa chini nje ya mlango akala chakula chako huku unamsikia mpaka ukatoka kwa hasira. Ulivyokuwa unahesabu kwa sauti, na ukifika kumi na tano unatukana, wewe mwalimu mzima. Alisikiliza yote. Alicheka kidogo hapo kwenye kutukana, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Hiyo ndiyo ungeandika."



Njia ya mwongo ni fupi, ulitufundisha, lakini hukutuambia mwongo anapofika mwisho wa njia anafanya nini. Nimefanya niliyoyaweza. Mchana uleule nilimpeleka mshonaji hospitali. Mtaalamu wake ni mama mmoja mfupi, ana mikono kama ya mtu anayekanda unga. Alimkemea, akanikemea na mimi bila kujua mimi ni nani, akalikunja goti kidogo, mshonaji akapiga yowe. Akasema limerudi nyuma sana. Litachukua muda mrefu zaidi kuliko mwanzo, na hawezi kuahidi kama litakanyaga tena cherehani. Akamrudisha mwisho wa foleni. Tangu hapo nampeleka mimi kila zamu yake ikifika. Njiani hatuongei sana. Siku mbili hivi aliniita mama kwa kusahau, akajirekebisha haraka. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangazo nililiondoa siku ileile. Chapchapu akaniambia hiyo yatosha, nisije nikaandika mengine, nitaua jina langu kabla halijazaliwa. Nikakaa kwenye ile kompyuta isiyo na a, nikaandika kwamba mama wa kwenye picha hakutumia mafuta haya, kwamba maneno yale niliyatunga mimi, na aliyekuwa akiwajibu kama yeye nilikuwa mimi, na yeyote aliyeacha matibabu arudi. Watu walinitukana kwa siku nne. Wengine walikuwa na haki, na wengine walikuwa wanafanya mazoezi ya kutukana tu. Chapchapu hakunifukuza, ila mashati yake siku hizi anayapeleka kwa dobi mwingine, na mimi nimeelewa. Ngazi zile sijazipanda tena.

Mzee wa Mafuta nilimfuata sokoni. Huyu ndiye aliyenishinda. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa hiyo hayaponyi?" Nikamwambia yanasaidia kidogo wakati wa baridi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupanga vichupa vyake, vifuniko vikielekea upande mmoja.

Kuhusu ile biashara, usiniulize kwa sasa. Bado natunza ukurasa wa dobi, naweka picha ya nguo, naandika bei na saa za kufungua. Hakuna anayepiga makofi. Nikipata nguvu nitaanza tena, maana ujuzi ninao, na huo haukuwa na kosa. Kwa leo nguvu sina. Nalala saa mbili kama kuku.

Sasa nakuomba mambo mawili. La kwanza ni msamaha, na usinipe haraka. Kaa nao wiki nzima. Uso wako ulizunguka mahali ambapo wewe hujawahi kufika, na huenda mtu akakusimamisha njiani akuulize habari za mafuta. Mwambie ukweli, na ukipenda mwambie ni binti yako mdogo aliyefanya hivyo. Nitavumilia.

La pili ni hili. Mshonaji ameomba kuongea na wewe. Wewe wa kweli. Alikaa siku nyingi kabla ya kuniomba, na aliponiomba hakunitazama. Nimempa namba yako, mama, baada ya kumwambia nitakuandikia kwanza. Atakupigia Jumapili, mchana. Anataka kujua ulipofika kumi na tano ulifanya nini ili ufike kumi na sita. Usinitetee kwake. Usimwambie mwanangu ana moyo mzuri, alikuwa amechoka tu. Hayo atakuwa ameshayasikia kwangu. Atakuuliza habari za goti, basi mwambie habari za goti. Na akilia, mwache alie, usimwambie apumzike.

Mjukuu wako anakusalimu sana. Nimemweleza yote, akanyamaza siku mbili, ya tatu akanichemshia maji ya kuloweka miguu. Msalimie kaka, na umwambie asiwaambie watu tena habari za ofisi. Wifi mpe pole ya safari. Nawe jitunze, tembea taratibu penye mawe, na dawa ya presha usiiruke kwa sababu umejisikia vizuri.

Ni mimi,
kitinda mimba wako.